Mlio wa Baiskeli na Namna ya Kuuondoa

Mkulima apelekaye mazao yake sokoni kwa baiskeli hana budi kuusikiliza mlio wake, maana huo humwambia ni kitu gani kinacholika. Wengi wausikiapo hukimbilia kumimina mafuta kila mahali. Hiyo si dawa. Mafuta yaliyozidi hushika vumbi, na vumbi hilo hukata chuma kama tupa.

Kwanza panda baiskeli mahali tambarare, uende kidogo, kisha uache kukanyaga. Mlio ukiendelea, mnyororo hauna kosa. Tazama magurudumu, madigadi na breki. Mlio ukikoma, kosa li katika mnyororo, pedeli au mikono yake.

Mlio usikikao mara moja kila pedeli izungukapo, huenda ukawa wa pini ishikayo mkono wa pedeli. Pini iliyolegea isingojewe hata siku moja, kwani mkono huweza kugeuka ghafula kilimani, nawe umepakia gunia. Egemeza mkono juu ya gogo gumu, uigonge pini upande usio na nati, ndipo ukaze nati.

Mlio mwembamba, kama wa panya, usiokoma wakati wa kukanyaga, ni wa mnyororo mkavu. Utoe, uuloweke katika mafuta ya taa, uusugue kwa brashi, kisha uuanike hata ukauke kabisa. Mafuta ya taa husafisha tu, hayalainishi. Baadaye tia tone moja la mafuta ya cherehani katika kila kiungo, zungusha pedeli kinyumenyume, na ufute yote yaliyobaki nje. Usitie mafuta ya nazi wala ya mawese, huganda na kunata. Wala mafuta machafu yaliyotolewa katika injini, ijapokuwa hupatikana bure.

Kabla ya kuurudisha, unyoshe na kuupima kwa rula. Nafasi 24, tangu pini hata pini, ni inchi 12 kamili katika mnyororo mpya. Zikifika inchi 12 na 1/8, nunua mwingine. Ukikawia, mnyororo mrefu utayala meno ya giriwili, na hapo hata mnyororo mpya utaruka. Utanunua vitu viwili badala ya kimoja.

Uufungapo, uache ulegee kadiri ya nusu inchi katikati, na gurudumu la nyuma likae sawasawa kabla ya kukaza nati zake.