Kumtafutia Mtoto Mwenye Usonji Tiba kwa Vitendo: Kazi ya Mwalimu wa Darasa

Mwalimu mgeni anapopokea Darasa la Kwanza katika shule ya Mbagala au ya Tandale, aghalabu hukabidhiwa watoto wanaozidi uwezo wa chumba, na katika umati huo huenda akamkuta mmoja ambaye hatulii. Ringi la gari linapogongwa kuashiria kipindi, yeye huziba masikio na kukimbilia nyuma ya jengo. Aitwapo jina hageuki. Uji wenye madonge hautii kinywani, na sweta la shule hulivua kila avikwapo. Penseli huishika kwa kiganja kizima, kama ashikaye mchi. Wenzake wamekwisha kumpa jina la utani, na mwalimu aliyetangulia ameandika katika kumbukumbu zake neno moja tu: mtukutu.

Yawezekana mtoto huyu ana usonji. Twasema yawezekana, kwa kuwa kuthibitisha jambo hilo ni kazi ya daktari, wala si ya mwalimu. Usonji hauambukizi, wala hautokani na malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo hujitokeza utotoni katika namna mtoto anavyowasiliana na watu, anavyorudia mambo yale yale, na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliueleza mwaka 1943 kutokana na watoto 11 aliowachunguza. Tangu wakati huo haijapatikana dawa ya kuuondoa, na mwalimu asimruhusu mtu yeyote kumwuzia mzazi dawa ya namna hiyo. Linalowezekana, nalo si dogo, ni kumwezesha mtoto kuimudu siku yake.

Hapo ndipo inapoingia tiba kwa vitendo, ambayo wengine huiita tiba kazi. Jina hilo la pili limewapotosha wengi. Mzazi mmoja alituuliza kama mwanawe atafundishwa useremala. Kazi inayokusudiwa hapa ni yale yote ambayo mtoto hutakiwa kuyatenda: kula, kuvaa, kwenda chooni, kucheza, kuandika. Mtaalamu hutazama tendo moja, akalivunja katika hatua zake, akatafuta ni hatua ipi inayomshinda mtoto na kwa sababu gani.

Tuchukue mfano wa kuvaa shati. Sisi tungependa kuanza mwanzo: mkono wa kwanza, mkono wa pili, halafu vifungo. Mtoto anashindwa hatua ya kwanza, analia, na somo limekwisha. Mtaalamu aghalabu huanza mwisho. Humvalisha mtoto shati lote, akafunga vifungo vyote isipokuwa kimoja, nacho akakisukuma hadi nusu ya tundu. Mtoto hukivuta tu, na shati limevaliwa, tena amelimaliza yeye mwenyewe. Siku kadhaa baadaye huachiwa kifungo kizima, kisha viwili, hata akafika kwenye mikono. Kila siku kazi yake huishia kwenye ushindi. Njia hii yafaa pia katika kufunga kamba za viatu, na hata katika kuandika jina: mwachie kwanza herufi ya mwisho.

Aidha, mtaalamu huchunguza hisi za mtoto. Mmarekani Jean Ayres, aliyekuwa mtaalamu wa taaluma hii, alitoa kitabu mwaka 1972 akieleza jinsi ubongo unavyozipanga taarifa za mguso, mwendo na mizani, na jinsi mpangilio huo unavyoweza kuvurugika. Mazoezi yaliyotokana na mafundisho yake yameenea pote, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani yanasaidia. Kwa maoni yetu, mwalimu asijitie katika ubishi huo; yatosha afahamu kwamba mtoto anayevua sweta huenda anahisi pamba ile kama upupu, na kwamba kumchapa hakuondoi upupu.

Sasa, mtaalamu huyu apatikane wapi? Katika Tanzania wataalamu wa tiba kwa vitendo wamekuwa wakifundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, nao ni wachache wakilinganishwa na mahitaji. Kwa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani, katika Wilaya ya Kinondoni, ina huduma za utengamao kwa watoto, na Hospitali ya Taifa Muhimbili hupokea wagonjwa wa rufaa. Mzazi wa Temeke au wa Bunju huanzia zahanati au kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Temeke au Mwananyamala, na kutoka huko akaandikiwa barua ya kwenda mbele. Wapo pia wataalamu wanaotoa huduma hii kwa malipo. Mzazi asione haya kuwauliza walikosomea na kama wamesajiliwa. Chama chao, TOTA, ni mahali pengine pa kuulizia. Lakini kwa uzoefu wetu, mtu wa kwanza kumwendea ni mwalimu mwenzetu wa kitengo cha elimu maalumu. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, wilayani Ilala, inajulikana kwa kitengo chake cha watoto wenye usonji, na walimu wa namna hiyo huijua njia kwa kuwa wameipita na wazazi wengi. Ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri naye hujua vitengo vilivyo karibu.

Kupata anwani, hata hivyo, si kupata msaada. Kutoka Chamazi hadi Msasani mama hupanda gari na kubadili, akiwa na mtoto asiyestahimili honi, muziki wala kubanwa na watu. Abiria humwambia amfundishe mwanawe adabu. Siku hiyo hakufanya biashara yake. Tunamfahamu mama mmoja aliyefika katika hospitali ambayo hatutaitaja, akakaa kwenye foleni tangu asubuhi. Ilipofika zamu yake mtoto alikuwa amelia hata akalala, na mtaalamu hakuona lolote ila mtoto aliyelala. Mama hakurudi tena kwa muda wa miezi minane.

Aliporudi alikuwa na karatasi nne za daftari. Mwanachuo wetu mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, alikuwa amemwandikia mambo ya juma moja. Hakuandika kuwa mtoto ni mkorofi au mvivu. Aliandika hivi: “Jumatatu, saa 2:40. Ringi limegongwa. Ameziba masikio, amekimbia. Amerudi mwenyewe baada ya dakika kumi, kelele zilipokwisha.” Na tena: “Jumatano. Amebeba ndoo ya maji hadi darasani. Ameketi robo saa bila kuinuka.” Saa, kilichotangulia, alilofanya, kilichomtuliza, basi. Mtaalamu alizisoma zote, akaanza kazi pale pale, maana sasa aliiona shule bila kufika shuleni.

Kabla ya karatasi lakini yapo mazungumzo, na hapa wengi wetu hukosea. Mzazi asiitwe mbele ya wazazi wengine. Msalimu kwa heshima, muulize kwanza mtoto anapenda nini nyumbani. Mama huyo tuliyemtaja alimjibu mwanachuo, “Mwalimu, baba yake anasema amerogwa. Mimi najua ni lile degedege.” Usicheke, wala usibishe. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulieleza kuwa katika watoto 14 wa Tanzania wenye usonji, 3 walionyesha dalili baada ya kupona malaria kali. Andika aliyoyasema, umwambie amweleze daktari vivyo hivyo.

Akiambiwa na shule amrudishe mtoto nyumbani “mpaka apone”, mwalimu amkumbushe mkuu wake, kwa adabu, kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Tena mtoto aliyefukuzwa hana karatasi za kupeleka hospitali.

Mama akitoka kwa mtaalamu, mwombe akueleze zoezi walilopewa, nawe ulifanye darasani. Mengi hayahitaji fedha. Penseli huweza kunenepeshwa kwa kuviringishiwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Udongo wa mfinyanzi huimarisha vidole kabla ya kuandika. Kubeba maji, kusukuma madawati na kukanda unga ni kazi nzito ambazo huwatuliza baadhi ya watoto, si wote. Jaribu, kisha andika matokeo. Mtoto na aambiwe kabla ya ringi kugongwa, au akaligonge yeye mwenyewe: katika darasa la yule mwanachuo ndivyo ilivyofanyika, na kufikia juma la tatu mtoto alikuwa akimvuta mkono mwalimu wa zamu dakika moja kabla ya saa.