Spika Inayokujibu Sebuleni: Ifurahie, Lakini PIN Ibaki Kichwani

Ukipita Malili kwenye barabara ya Mombasa utaona mbona watu wengi wanaichangamkia. Hapa ndipo serikali ilinunua shamba la ekari 5,000 mwaka wa 2009 ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza. Mji wenyewe unakuja pole pole, lakini teknolojia haijangoja barabara ziishe. Siku hizi si ajabu kuingia sebule ya huku ukakuta spika ndogo ya mviringo kando ya TV, zawadi ya jamaa aliyetoka Marekani. Unaiita kwa jina, inawaka taa, inakujibu.

Zamani spika hizi zilikuwa kama askari wa geti: usiposema neno lenyewe, hupiti. Alexa ya Amazon ilitoka Novemba 2014, na kwa miaka kumi hivi watu waliitumia kuwekea miziki, kuuliza hali ya hewa na kuhesabu dakika za ugali. Februari 2025 Amazon ikatangaza Alexa+, ambayo unaongea nayo kama mtu. Ukikatiza sentensi inakungoja, ukisema "hapana, ule mwingine" inajua unamaanisha upi. Agosti mwaka huo huo Google nayo ikatangaza yake, Gemini for Home. Alexa+ ilianzia Marekani kwa bei ya dola 19.99 kwa mwezi, bure kwa wanachama wa Prime. Hizo ni kama shilingi 2,600, na kwa nyumba nyingi hiyo ni bili nyingine kamili.

Lugha bado ni shida. Google imekuwa ikiandika Kiswahili unachokitamka kwenye simu tangu 2017, lakini Alexa ya spikani haijui Kiswahili, na Kikamba ndio usiseme. Susu akiisalimu kwa heshima zake zote, inanyamaza tu. (Na susu akinyamaziwa na mgeni, mgeni huyo hajapata jina zuri.)

Sasa tuje kwa pesa. Spika haiwezi kuingia kwenye pesa zako za simu moja kwa moja. Kulipa kwa M-Pesa kunataka PIN, na PIN unaibonyeza kwenye simu yako mwenyewe. Lakini kuna njia ya uani. Tangu Juni 2022 kuna M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika mkononi, inayolipia vitu mtandaoni kutoka kwa salio lako. Ukiweka kadi, hii au ya benki, kwenye akaunti ya spika, sauti yoyote pale sebuleni imesogea karibu na mfuko wako.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Januari 2017 kule Dallas, msichana wa miaka sita aliongea na spika ya nyumbani, na nyumba ya wanasesere ikaletwa mlangoni pamoja na biskuti. Mtangazaji wa TV huko San Diego alipoisimulia habari hiyo na kutamka maneno yale yale hewani, watazamaji wakalalamika kwamba spika zao nazo zilijaribu kuagiza.

Dawa yake ni kuzima ununuzi kwa sauti kwenye programu ya spika, au kuwekea ununuzi namba ya siri. Hapa tafadhali soma pole pole. Namba hiyo ina tarakimu nne, sawa na PIN ya M-Pesa, na unaitamka kwa sauti. Mtu mwenye haraka atachagua ile anayoikumbuka tayari, na hapo atakuwa anatangaza PIN yake mbele ya watoto, wageni na fundi wa stima kila anapoagiza kitu. Chagua namba tofauti kabisa. Si mwaka wa kuzaliwa pia, huo kijiji kizima kinaujua.

Jambo lingine ni rekodi. Tangu Machi 28, 2025, unachoiambia spika ya Echo baada ya kuiita hutumwa kwa mitambo ya Amazon. Ule mpangilio uliowaruhusu wateja wachache kubakiza sauti zao ndani ya spika uliondolewa. Bado unaweza kuchagua rekodi zisihifadhiwe, na kuna kitufe cha kuzima maikrofoni. Ukitaka kumsomea mwenzako tarakimu 20 za tokeni ya stima, soma tu, tokeni inaingia kwa mita moja pekee. Ukitaka kumtajia namba ya kuthibitisha uliyotumiwa kwa SMS, usiitaje kabisa, spika iwepo isiwepo.

Na kama huna spika, usiruke habari hii. Msaidizi wa sauti kwenye simu yako ya kawaida anaweza kukusomea SMS, na SMS ya M-Pesa huja na salio. Simu iko kwa chaji, mgeni amekaa, halafu sauti nzuri ya kike inataja ulichobaki nacho hadi senti. Ingia kwenye mipangilio ya msaidizi, tafuta sehemu ya skrini iliyofungwa, na uzime ruhusa ya kuonyesha mambo yako binafsi. Fanya hivyo pia kwa simu ya mzazi wako ukienda nyumbani wikendi.