Robert Wise: Mkata Filamu na Hesabu za Fox

Katika biashara ya sinema, pesa nyingi hupotea kwenye picha zinazopigwa kisha zikatupwa. Robert Wise alilijua hilo kabla hajawa mtayarishaji na mwongozaji, kwani alianzia kwenye chumba cha kukatia filamu.

Mmarekani huyo, mzaliwa wa Indiana mwaka 1914, aliacha chuo kwa kukosa pesa wakati uchumi ulipoporomoka, na mwaka 1933 akaajiriwa studio ya RKO kubeba mikebe ya filamu. Alipanda hadi kuwa mhariri wa Citizen Kane (1941). Nafasi ya kuongoza aliipata 1943 kwa sababu ya kibiashara kabisa: mwongozaji wa The Curse of the Cat People alikuwa nyuma ya ratiba, RKO ikamkabidhi Wise aimalize. West Side Story (1961), aliyoitayarisha na kuiongoza pamoja na Jerome Robbins, ilitwaa tuzo 10 za Oscar. Robbins aliondolewa kazini kabla haijakwisha. Siku na gharama zilikuwa zimezidi.

Lakini hesabu inayowahusu wasomaji wetu ni ya Twentieth Century Fox. Kampuni hiyo iliyumbishwa vibaya na Cleopatra ya 1963, iliyomeza zaidi ya dola milioni 30. Wise akaitengenezea The Sound of Music kwa dola milioni 8 hivi. Ilitoka 1965, ikaipita Gone with the Wind kwa mapato, na Fox ikapumua.

Hapo tamaa ikaingia. Fox ikamwaga mtaji katika picha tatu kubwa za muziki: Doctor Dolittle, Hello, Dolly! na Star!, hii ya mwisho ikiwa ya Wise na mwigizaji yule yule, Julie Andrews. Star! iligharimu kiasi cha dola milioni 14. Ilipotoka 1968, watazamaji hawakuja. Mwaka 1969 studio ikaipunguza kwa karibu saa nzima, ikaibadili jina na kuirudisha sokoni. Ikadoda tena. (Wauza mitumba wanalijua hilo: robota lililokataliwa halinunuliki kwa kufungwa upya.) Fox ilipata hasara ya mamilioni, na rais wake, Richard Zanuck, aling'olewa mwishoni mwa 1970.

Wise aliendelea. Mwaka 1979 aliongoza Star Trek: The Motion Picture, iliyogharimu takriban dola milioni 44 na kupelekwa kumbini kabla hajaridhika na ukataji wake, kwa kuwa wenye kumbi walikwisha ahidiwa tarehe. Iliuza vizuri. Hata hivyo toleo alilolitaka lilitoka 2001, akiwa na miaka 87, miaka minne kabla ya kifo chake.