Watu wa Mto na Ndugu Zao wa Milimani

Hapo zamani, katika nchi kame ya Arizona huko Marekani, palikuwa na watu waliolima jangwani. Wageni waliwaita Pima. Wenyewe hujiita Akimel O'odham, watu wa mto. Mto wao ni Gila. Waliuchimbia mifereji wakayaongoza maji mpaka mashambani, wakavuna mahindi, maboga na maharage madogo yanayovumilia ukame. Walilima na ngano pia; ilipozidi mahitaji yao, waliwauzia wasafiri waliopita kwenda California kutafuta dhahabu. Wajukuu zangu, hawa walikuwa wakulima hodari. Shikeni hilo kabla hatujaendelea.

Mwishoni mwa karne ya 19, walowezi waliohamia upande wa juu wa mto waliyageuza maji kwenda kwenye mashamba yao. Huku chini mto ukakauka. Mifereji ikajaa mchanga, njaa ikabisha hodi. Baadaye kikaja chakula cha serikali: unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Unga ukakandwa, ukakaangwa katika mafuta yale yale, na mkate ule wa kukaanga ukazoeleka majumbani. Majembe yaliwekwa pembeni, maana shamba lisilo na maji halilimiki.

Mwaka 1965 watafiti wa afya wa serikali ya Marekani walianza kuwapima watu wa mto mwaka hadi mwaka. Walikuta kisukari kingi ajabu, kuliko walivyopata kukiona kwingine. Bibi anacho, mama anacho, mjomba anacho. Wengi wakakata shauri: hii ni damu yao tu, ndivyo walivyoumbwa.

Urithi upo kweli, nami sitawaficha. Ukila ugali, mwili huugeuza kuwa sukari, nayo huingia kwenye damu. Kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, hutoa insulini, ambayo huziwezesha chembe za mwili kuipokea sukari hiyo na kupata nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili hauitikii vizuri insulini inapokuja. Kongosho huongeza juhudi, huongeza tena, mwisho huelemewa. Vinasaba vinavyohusika na mambo haya tunavipata nusu kwa baba, nusu kwa mama. Hakuna kinasaba kimoja tu cha kisukari hiki. Viko vingi mno, kila kimoja kikichangia kidogo. Ndiyo maana mtoto ambaye mzazi wake anacho yumo hatarini zaidi, na wazazi wote wawili wakiwa nacho hatari inaongezeka.

Sasa sikilizeni. Watu wa mto wana ndugu zao upande wa pili wa mpaka, katika milima ya Sonora nchini Meksiko, kwenye kijiji cha Maycoba na jirani zake. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba makundi haya mawili yanakaribiana sana. Lakini ndugu wa milimani hawakuacha kilimo. Waliendelea kulima kwa mikono, kutembea kwa miguu, kula maharage, mahindi na viazi. Watafiti walipowapima, wakatoa matokeo mwaka 2006: kwa kila watu wazima 100 wa Arizona, 38 walikuwa na kisukari. Kule Maycoba walikuwa 7, wakikaribiana na majirani zao wasio Pima.

Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni maji, chakula na kazi ya kila siku. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba watu wa Arizona walijitakia, mkatalieni. Hawakuyageuza wao maji ya mto. Na baadhi yao walijitolea katika utafiti mkubwa wa Marekani ambao mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu walio hatarini, wakipunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, hupunguza uwezekano wa kuugua kwa zaidi ya nusu. Elimu hiyo leo inatusaidia hata sisi.

Kipo kisukari kingine, cha aina ya kwanza, nacho huwapata sana watoto na vijana. Hapo kinga ya mwili hukosea, ikaziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Urithi unachangia hapa pia, ila watoto wengi wanaokipata hawana ndugu yeyote mwenye nacho. Hakitokani na pipi wala soda, hakiambukizi, na si kosa la mama. Mwenzenu darasani akijichoma sindano ya insulini kabla ya kula, msimkimbie wala msimcheke. Bila sindano hiyo hawezi kuishi.

Waulizeni wazee nyumbani ni nani katika ukoo ana kisukari au aliwahi kuwa nacho, upande wa baba na upande wa mama, mkawakumbushe wakubwa wakapime. Na mtoto akiwa na kiu isiyokatika, akikojoa kila mara na kukonda ilhali anakula, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapimwe sukari, hata kama katika ukoo wenu hajawahi kuugua mtu.