Matembezi Msituni: Panga Kwanza

Je, klabu yenu hapo Sapiwi inataka kwenda kutembea msituni? Safi sana! Kutembea huimarisha moyo na hupunguza mawazo. Lakini msitu wa hifadhi ni mali ya umma, sio wa kujiingilia tu. Msitu wa Amani, kule Usambara, mkoani Tanga, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Una njia maalumu za miguu, na wageni hulipa kiingilio kwanza.

Kwa nini njia zipangwe? Miguu mingi hushindilia udongo. Mvua ikinyesha, maji hayazami. Yanafuata njia, na mwisho unapata korongo. Mkikwepa tope kwa pembeni, njia inapanuka na miche inakufa.

Wazee wetu wa Kisukuma wanalijua hili. Ngitili hufungwa wakati wa mvua ili majani yaote, kisha hufunguliwa mifugo kiangazi. Njia nayo inahitaji kupumzika.

Basi, ombeni ruhusa, ulizeni njia ipi iko wazi, bebeni maji, mwambieni mwalimu saa ya kurudi. Msiachane njiani. Ukipotea bila mtu kujua ulikokwenda, nani atakutafuta?