Je, Wajua? Kitunga, Kinyago na Simu ya Mkononi

Je, wajua kwamba msusi wa Masisi, mashariki mwa Kongo, anayeinua simu kupiga picha ya kitunga chake huenda ameshika udongo wa nyumbani? Koltani ya Rubaya, hapo hapo Masisi, hutoa tantali, madini yanayoingia kwenye kapasita, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, Rubaya peke yake hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia nzima. Walikale, wilaya jirani, nayo ina bati la Bisie, na bati ndilo linalounganisha vipande vya simu kimoja kwa kingine. Mgodi wa kisasa wa Bisie ulianza uzalishaji mwaka 2019. Mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000. Madini hayo yametoka kwa gunia na kwa lori. Yanaporudi yakiwa simu, ni haki ya msusi na mchongaji kunufaika nayo.

Wajua kwa nini picha za saa sita mchana huharibika? Masisi na Walikale haziko hata nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima. Mdomo wa kitunga unawaka, tumbo linakuwa giza. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, lakini usichelewe: huku jua likizama, giza halikawii hata nusu saa.

Ukungu wa vilima vya Masisi ni zawadi. Wingu zito huutawanya mwanga wa jua kama pazia kubwa jeupe, na vivuli vikali vinatoweka. Wapiga picha wa mijini hununua vitambaa na taa ili kupata mwanga wa namna hiyo.

Ila msuko unataka mwanga wa ubavuni. Weka kitunga karibu na mlango ulio wazi, mlango ukiwa kushoto au kulia kwako, na kila uzi wa rafia utaonekana na kivuli chake. Upande wenye giza usimamishie mfuko mweupe wa unga uurudishe mwanga.

Chini ya mgomba je? Usithubutu. Mwanga uliopita kwenye majani hufika ukiwa wa kijani, na mnunuzi atadhani ulitia rangi.

Wajua kwamba simu haijui weusi? Hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Kinyago cheusi kinapauka, kitambaa cheupe kinakuwa kama kimefuliwa kwa maji ya tope. Gusa kitu chenyewe kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua: chini kwa kinyago, juu kwa kitambaa.

Futa lenzi kwanza. Alama ya kidole chenye mafuta hutosha kuifunika picha nzima kwa ukungu.

Chukudu halisi, zile skuta za mbao zinazoteremsha viazi na makaa hadi Goma, zinaweza kufikia mita 2. Chukudu ya mapambo inakaa kiganjani. Katika picha isiyo na kipimo, mtu wa Brussels hawezi kuzitofautisha. Weka yai kando yake, kisha andika sentimita. Rudi pia hatua mbili nyuma na ukuze kidogo, kwa sababu simu iliyosogezwa mno huvimbisha kilicho karibu na lenzi.

Wajua tofauti ya kutuma picha kama picha na kuituma kama faili? Kwa WhatsApp, njia ya kawaida huipunguza picha. Faili hufika nzima, ndiyo maana wauzaji huipenda. Lakini faili nzima inaweza kubeba mengine: tarehe, aina ya simu, na kama kitambuzi cha mahali kilikuwa wazi, mahali penyewe ulipopigia, kwa mita chache. Mahali pengine hilo ni jambo dogo. Hapa, ambapo Machi 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Walikale mjini na kuondoka Aprili, na vijiji vya Masisi vimebadilika mikono mara kwa mara, familia inaweza kulipia kosa hilo. Fungua mipangilio ya kamera na uzime mahali kabla ya kupiga picha ya kwanza. Kisha tazama nyuma ya bidhaa: daraja, kituo cha askari, uso wa mtoto. Shuka jeupe likitundikwa hapo huficha kilima, njia na nyumba za majirani, na kitunga hakipotezi kitu.