Siku Moja, Mabondia Wawili

Hakuna aliyetarajia kwamba Jumapili ya Februari 11, 1990 ingeleta makubwa mawili kwa mpigo.

Jijini Tokyo, Japani, Mike Tyson, bingwa wa dunia wa ndondi za uzani wa juu, alipanda ulingoni akiwa hajashindwa katika mapigano 37. Mpinzani wake, James 'Buster' Douglas, alikuwa amefiwa na mamake majuma machache tu awali. Katika raundi ya nane Douglas aliangushwa, akainuka. Katika raundi ya kumi ikawa zamu ya Tyson kulamba sakafu, akitambaa kutafuta kizuia meno chake huku refa akihesabu. Aliye juu, mngoje chini!

Saa chache baadaye, nchini Afrika Kusini, Nelson Mandela alitoka katika gereza la Victor Verster akiwa ameshikana mkono na mkewe, Winnie. Alikuwa na umri wa miaka 71, na 27 kati ya hiyo aliimaliza kifungoni. Jioni, alipotaka kuhutubia umati mjini Cape Town, aligundua kuwa amesahau miwani gerezani. Ikabidi aazime ya mkewe.

Mandela naye alikuwa bondia ujanani mwake.

Mwaka 1992, Tyson alifungwa jela kwa kosa la ubakaji. Mwaka 1994, Mandela aliapishwa kuwa Rais.

Basi ewe msomaji uliyeangushwa leo, usikate tamaa. Nawe unayeshangiliwa, tahadhari. Hesabu ya refa haijaisha.